Mama Amekatazwa Dawa kwa Sababu ya Damu ya Ukoo

Mpendwa mshauri Mama Birago, naomba unisaidie, maana mimi ni mwoga wa kusema mbele za watu na kuandika ndiko ninakoweza. Mama yangu, Serwaa, anauza vitambaa hapa Kumasi na zamani kicheko chake kilisikika soko zima, Jumapili akitwanga fufu ya mihogo nami nikigeuza donge kinuni, akinitania, "We msomi, toa mkono, nisije nikatwanga vidole vya daktari wangu!" na sasa kila nikiukumbuka mlio wa mchi ule nashindwa hata kusoma. Ana saratani ya titi. Daktari alipima kipande cha uvimbe akatuambia kuna jeni iliyojinakili kupita kiasi, inatoa protini nyingi mno inayoharakisha uvimbe kukua, ila ipo dawa ya dripu inayoikamata protini hiyohiyo, na Mama akatoka akicheka kama zamani. Lakini mjomba Antwi, mkuu wa ukoo wetu, aliposikia habari ya jeni aliwaka. "Jeni si damu hiyo? Na sisi Waashanti damu mtoto huipata kwa mama! Ukionekana kwenye dripu, nani atamwoa Pokuaa, binti wa dada yako?" Mama akamjibu, "Kwa hiyo kaka, nife taratibu ili harusi inoge?" Mjomba akasema, "Funga mdomo, Serwaa, dripu huendi," na tangu hapo Mama hataki hata kuitaja dawa, na dripu ya kwanza ni mwisho wa mwezi. Nimesoma kitabu cha baiolojia, nadhani mjomba amekosea, lakini mtoto kama mimi nitamkosoaje mjomba?

Mwoga wa Kumasi

Mwanangu, pole. Nilipokuwa na umri wako, jirani aliyetufundisha nyimbo za kuchotea maji alipata uvimbe, akafichwa chumba cha nyuma, sisi tukaambiwa kasafiri. Hadi leo nazikumbuka zile nyimbo. Yeye hakuwa na dawa. Mama yako anayo, nawe umekaa kunung'unika na kalamu!

Nimemuuliza daktari wa saratani. Umesoma vizuri: jeni hiyo imezidi ndani ya uvimbe tu. Mama yako hakuzaliwa na ziada hiyo, hakukurithisha, wala haimhusu Pokuaa. Mjomba amechanganya uvimbe na damu ya ukoo.

Usimkosoe, hilo sikutumi. Lakini ukoo wenu, kama kila ukoo wa Waashanti, una bibi mkuu, ambaye hata mjomba huvua ndara mbele yake. Nenda kwake leo, mweleze kama ulivyonieleza mimi. Amwite mjomba, waende wote kwa daktari, akaulize kwa mdomo wake. Mjomba akikataa, mshike mama yako mkono mwende wenyewe. Mwili ni wake, na anayekubali dawa ni yeye.

Harusi ya Pokuaa isogezwe hata mara tatu. Dripu ya mama yako isisogezwe hata siku moja.