Chura wa Salamanca

Larache, Jumapili, saa nne asubuhi

Kwako Fouzia, dada yangu ambaye mama zetu walisahau tu kutuzaa tumbo moja,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nayasalimu magoti yako, maana mara ya mwisho tulipozungumza uliniambia kuwa siku hizi hayo ndiyo yanayoamua kama utapanda ngazi au la. Natumaini yamekuwa na huruma. Wajukuu hawajambo? Na huko Oujda vumbi limetulia? Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Abdeslam ameanza kutembea ufukweni kila asubuhi kama daktari alivyomwagiza, isipokuwa anatembea hadi mkahawani tu, anakaa, kisha anarudi akihema kwa makusudi ili nimsikie.

Najua umecheka ulipoona bahasha. Simu ninayo na namba yako naijua kwa moyo, lakini nina jambo ambalo kwa simu ningelianza kisha nikakata. Kwa hiyo jiwekee chai ya nanaa, kaa vizuri, uniache niseme kwa utaratibu wangu.

Habari kubwa ni kwamba tunakwenda Hispania. Binti yangu Ikram na nduguye wametuzawadia safari ya siku kumi mwezi wa tano, kwa ajili ya kustaafu kwangu. Watakaokwenda ni mimi, Abdeslam, Ikram mwenyewe, na mama mkwe wangu Lalla Ftoma, ambaye ana miaka themanini na sita na amekataa katakata kuachwa. Ikram alipotutangazia alisema miji itakuwa mitatu, na mchaguzi nitakuwa mimi, kwa sababu mimi peke yangu katika nyumba hii ndiye ninayeijua Hispania. Wote wakanigeukia wakitabasamu. Nami nikatabasamu, Fouzia, nikakimbilia kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Tangu siku hiyo nyumba imegeuka bunge. Abdeslam anataka Vigo. Tukamwuliza Vigo kuna nini, akasema kuna soko la samaki ambalo mtu akiliona ndipo anajua kwamba Larache tunacheza. Miaka thelathini na tano mtu huyu ametengeneza mashine za barafu bandarini, harufu ya sardini imemtoka majuzi tu, na sasa anataka kwenda likizo kutazama samaki wa wenzake! Ikram akamwambia, "Baba, si afadhali tukuache bandarini kwetu, tukuletee picha?" Yeye Ikram anataka Barcelona, na sababu zake hubadilika kila siku, leo majengo, kesho maduka.

Lalla Ftoma anataka Cádiz. Ukumbuke alikulia mtaa mmoja na Wahispania enzi zile, na jirani yake aliitwa Pepita, rika lake, ambaye asili yao ni Cádiz. Huyo Pepita alikuwa kila mara akimwambia kwamba bahari ya Cádiz ni kubwa kuliko ya Larache. Waligombana juu ya hilo tangu wana miaka saba mpaka siku Pepita na wazazi wake walipopakia vyombo vyao na kuondoka. Sasa bibi anasema anakwenda kuutazama uwongo huo kwa macho yake. "Kama yu hai," anasema, "nitamshika mkono nimpeleke pwani, nimwambie, haya, nionyeshe hapo ilipozidi."

Mimi niliyepewa uchaguzi nilichagua Sevilla, nikachagua Valencia, nikachagua hata Zaragoza ambayo sijui nilitaka nini huko. Wote wakanishangaa. Abdeslam ndiye aliyeuliza, mbona siitaji Salamanca? Nikajibu kwamba Salamanca nimeshaiona, ya nini kurudia. Hapo nikawa nimechokoza nyuki. Ikram alisema yeye amekua akiisikia Salamanca kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za majini, na hatavuka bahari arudi bila kuiona. Anataka nimpeleke uwanja mkubwa. Anataka nimwonyeshe ukuta wa chuo kikuu wenye yule chura mdogo wa jiwe aliyekaa juu ya fuvu, ambaye wanafunzi humtafuta kwa macho ili wafaulu mitihani. Na zaidi ya yote, anataka nimpeleke kwenye nyumba ya Doña Amparo, mama aliyenipangisha chumba kiangazi kile cha mwaka 1983, aliyenifundisha kupika dengu na mchicha.

Nilisema Doña Amparo lazima ameshafariki. Ikram akasema watoto wake je? Nikasema hakuwa na watoto. Lalla Ftoma akadakia kutoka kwenye kochi lake: "Mbona ulitwambia ana binti mwenye kengeza?" Fouzia, bibi huyu hakumbuki amemeza dawa au hajameza, lakini kengeza ya binti wa Doña Amparo anaikumbuka! Siku mbili baadaye Ikram alikuwa ameshaandikia watu watatu wa Salamanca kwenye mtandao kuwauliza kama wanamfahamu mama mmoja Amparo aliyekuwa akipangisha wanafunzi karibu na soko. Mmoja akajibu kwamba bibi yake aliitwa Amparo. Ikram alikuja jikoni akiruka. Nilikuwa nakata vitunguu, na namshukuru Mungu kwa vitunguu.

Basi ikafika siku ya karatasi. Wakala wa visa kule Tanja alitaka pasipoti za zamani kama tunazo, zenye kuonyesha safari za nyuma. Ikram alipanda juu ya kiti, akateremsha lile boksi la bati lililo juu ya kabati langu, na kabla sijamaliza kuvaa miwani alikuwa ameshaishika pasipoti yangu ya kwanza, ile ya ujana, yenye picha yangu na zile nywele ambazo wewe ulizichana asubuhi ile. Akaifungua ukurasa kwa ukurasa. Akarudi mwanzo. Akaifungua tena.

"Mama," akasema, "muhuri wa Hispania uko wapi?"

Abdeslam alikuwa anamenya chungwa. Lalla Ftoma alikuwa anasinzia, lakini kwa swali hilo aliamka. Ningeweza kusema kwamba siku zile hawakupiga muhuri. Nimefundisha miaka thelathini na minne, najua kusema jambo kwa sauti ambayo hakuna anayeuliza la pili. Lakini kurasa zile zilikuwa nyeupe kama sahani mpya, na binti yangu ananitazama, na nikachoka, Fouzia. Nikawaambia sijawahi kwenda. Sijapata kukanyaga Salamanca wala mji wowote wa Hispania. Doña Amparo sikuwahi kupangishwa naye kwa sababu hakuwahi kuwako.

Sasa umelisoma. Naomba usiikunje barua.

Wa kwanza kusema alikuwa Lalla Ftoma. "Basi yale mapishi ya dengu ni ya nani?" Nikasema alinifundisha mjane mmoja Mhispania, Doña Remedios, aliyekuwa akifua nguo za watu kule Tanja, jirani ya shangazi yangu Khaddouj. Bibi akafikiri, kisha akasema, "Mkamwana wangu una wazimu. Yaani binti mwenye kengeza ulimtunga kichwani, ukampa na kengeza kabisa?" Akaanza kucheka, na wewe unamjua anavyocheka, bila sauti, mabega tu, mpaka shuka lake likateleza chini.

Nikamtazama Abdeslam kwa hofu, maana miaka yote amejigamba mkahawani kwamba mkewe amesoma ng'ambo. Alijifuta mikono polepole. Akasimama. Akasema, "Kwa hiyo katika nyumba hii aliyefika Hispania ni mimi." Kweli, Fouzia! Nilikuwa nimesahau kabisa. Kabla hatujaoana alipelekwa siku mbili Las Palmas kutengeneza mashine ya barafu ya meli moja. Hajawahi kusimulia safari hiyo hata mara moja, kwa sababu kila alipofungua mdomo mimi nilikuwa na Salamanca. Jioni ile alisimulia yote, hadi rangi ya boriti za karakana. Tangu siku hiyo anatembea humu ndani mikono nyuma kama balozi. Jana Ikram alimwuliza kuhusu treni akajibu, "Sisi kule Las Palmas..." tukamrushia mito.

Wamenisamehe kwa kicheko, na nilicheka nao mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaenda jikoni nikalia. Ikram akanifuata, akanikumbatia, akasema mbona nalia na mambo yamekwisha. Nikamwambia hayajaisha. Nikamweleza habari zako.

Sikiliza basi, dada yangu. Nafasi ile ya mwezi mmoja Salamanca ilikuwa moja tu kwa darasa zima kule Fez, nami nilikupita kwa nusu alama. Nusu! Ulilia siku mbili, ukaoga, ukaja kunisindikiza stendi ya mabasi ukiwa na mayai manane ya kuchemsha kwenye kitambaa. Uliniambia, "Tazama na kwa macho yangu pia." Nikafika bandarini Tanja. Nikasimama kwenye foleni ya feri, mwanafunzi bora wa Kihispania, na nyuma yangu wamesimama mabaharia Wahispania wa Algeciras wanazungumza. Fouzia, sikuelewa hata neno moja. Wanameza herufi, wanakimbia, wanacheka. Mmoja akaniuliza kitu, akarudia, akarudia tena kwa sauti kubwa kama anaongea na ukuta, wenzake wakacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na sikuwahi kulala nje ya macho ya watu ninaowajua. Nikatoka kwenye foleni nikasema nitapumua kidogo. Nikakaa juu ya sanduku langu. Nikala mayai yako manne. Feri ikaondoka, nikala manne mengine.

Shangazi Khaddouj alinificha mwezi mzima. Doña Remedios alikuwa wa Jaén, naye anameza herufi vilevile, na nikiwa namsaidia kukamua mashuka ndipo masikio yangu yalipozibuka. Ndiyo maana niliporudi mlisema Kihispania changu kimekuwa cha kwao. Uwanja, ukuta, chura, nilivitoa kwenye kitabu na kadi za posta. Ule upepeo mwekundu niliokuletea, nikasema nimeuchagua Salamanca nikikufikiria, niliununua Tanja, duka la pembeni mwa soko. Kukufikiria ni kweli nilikufikiria.

Ningerudi Fez siku ileile, jina lako ndilo lililofuata. Ungekwenda wewe. Wewe usiyeogopa mtu, ungewajibu mabaharia wale papo hapo. Badala yake baba yako alisema basi, mambo ya lugha yamekwisha, ukahamia jiografia, na miaka yote umewafundisha watoto wa Oujda ramani ya nchi ambayo mimi nilikunyima. Hilo sikuwahi kulicheka hata siku moja. Kila mwaka nilipowasimulia wanafunzi wangu jinsi nilivyomwona chura, nilikuwa nakuona wewe umekaa dawati la nyuma. Wengine wamefika huko wakanitumia picha: "Mwalimu, nimemwona!" Niliwajibu, "Hongera, hajabadilika."

Ikram aliposikia hayo hakucheka. Alisema, "Mama, sisi ulitudanganya. Yeye ulimnyang'anya." Kisha akanipa kalamu.

Sikuombi uniambie si kitu, kwa sababu ni kitu. Nakuomba radhi, na nakuomba jambo la pili. Bunge limemaliza kazi yake. Tutakwenda Cádiz siku tatu, kwa ajili ya ugomvi wa Lalla Ftoma. Tutakwenda Vigo siku mbili, kwa kuwa balozi wa Las Palmas ametishia kugoma kula. Ikram ameiacha Barcelona, anasema yeye bado kijana, Barcelona haikimbii. Na siku tano zilizobaki, zote, tutakuwa Salamanca. Tumechukua vyumba viwili. Kimoja cha Abdeslam na mama yake. Kimoja kina vitanda vitatu: cha Ikram, changu, na cha tatu ambacho sote tumekubaliana kina mwenyewe. Pasipoti yako ya umra bado ina miaka mitatu, mwanao ameshamthibitishia Ikram, na nisamehe kwa hilo pia, tumekuchunguza. Wakala anasubiri karatasi zako hadi mwisho wa mwezi.

Lalla Ftoma anasema nikuandikie kwamba usipokuja atanitangaza mtaa mzima. Abdeslam anakusalimu na anasema kwenye feri ukae karibu naye, yeye ni mzoefu. Ikram anakubusu mikono. Wabusu wajukuu kwa niaba yangu, umpe mkweo salamu, na Mungu akulinde wewe na magoti yako.

Kasirika kadiri unavyotaka, una haki miaka arobaini na zaidi. Nipigie unifokee, sitakata simu. Ukimaliza kunifokea, niambie unataka kitanda cha dirishani au cha mlangoni.

Rafiki yako aliyekula mayai yako,
Mennana