Mimi Sikugonga Gari la Mtu

Jumatatu, 6 Juni 1955

Nimesali. Nimetia maji kwenye rejeta, nimefuta vumbi kwenye gari kama kila siku. Linang'aa. Kituntu yote hakuna mwingine mwenye gari. Baiskeli ya kwanza ilikuwa yangu. Bati la kwanza langu. Gari la kwanza langu. Leseni niliipata kichwa kimeshajaa mvi, na yule aliyenijaribu alisema mzee huyu anajua.

Saa nne kaja tarishi wa baraza na barua. Ya polisi. Nimeisoma mwenyewe, kwa kidole, neno moja moja. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye mafundisho ya ubatizo, lakini nasoma. Barua inasema Jumamosi tarehe 28 Mei, njia ya Kimuli, karibu na maduka, gari langu liligonga gari lililosimama kando, likavunja kioo cha kutazamia nyuma. Tena sikusimama. Nijibu kwa maandishi, au niende mwenyewe, mwisho Jumatatu ijayo. Nisipofanya hivyo leseni yangu inachukuliwa.

Mimi? Nigonge gari la mtu? Uongo. Chai imepoa sijainywa.

Jumanne, 7 Juni

Nimekagua gari lote. Nimepiga magoti. Upande wa kulia, safi. Upande wa kushoto, safi, rangi yote ipo, hakuna mkwaruzo hata wa ukucha. Nimemwita mke wangu, Mama Tomasi, aje aone na macho yake. Kaona. Kasema kweli, hakuna kitu.

Siku ile naikumbuka vizuri. Tulikuwa tunakwenda Kimuli kwa wakwe zetu, kwa wazazi wa mke wa mwanangu Tomasi, kumwona mjukuu. Nilikata mkungu wa ndizi uliopita yote shambani. Wanaume wawili waliubeba wakitweta. Kwetu zawadi ya ukweni haifichwi kwenye gunia kama kitu cha wizi. Watu wauone njiani wajue nani anapita. Nikaufunga kwa kamba nje ya mlango wa Mama Tomasi. Mlango haukufunguka tena, akapandia upande wangu. Alilalamika. Nikamwambia heshima ina taabu yake.

Na gari lililosimama nalikumbuka. Jeusi. Nililipita pembamba sana, nafasi ya mkono mmoja. Dereva mwingine angerudi nyuma. Mimi nilipita. Huyo mwenye gari aliona wivu, akaandika namba yangu.

Jumatano, 8 Juni

Habari imeenea. Sijui tarishi ana mdomo gani. Nimekwenda dukani kununua chumvi, wamenyamaza wote. Nilipotoka mmoja akasema, "Shikamoo mzee. Baiskeli bado unayo?" Wakacheka. Nimesema marahaba na chumvi nikaisahau pale pale. Sikurudi kuichukua.

Mwalimu wa shule ya misheni kaja jioni. Kasema, "Mzee Bartolomayo, nipe hiyo barua nikuandikie jibu zuri." Nimekataa. Waliniandikia mimi. Mimi ndiye nitajibu. Mwandiko wangu mbaya lakini wa kweli.

Leseni hawaichukui. Nasema hawaichukui. Mwaka jana mke wa jirani alishikwa na uchungu siku mbili, nani alimfikisha hospitali? Zamani tungembeba kwenye machela, wanaume wanane, afie njiani. Wanaocheka dukani wamesahau.

Alhamisi, 9 Juni

Nimeandika kutwa nzima. Kahawa imeanikwa, sikuigeuza hata mara moja. Karatasi tatu zimeharibika. Ya nne ni hii, nainakili hapa nisisahau nilichosema:

Bwana mkubwa wa polisi. Mimi Bartolomayo wa Kituntu sikugonga gari la mtu. Gari langu zima. Halina alama. Njoo utazame. Huyo aliyesema nimegonga ni mwongo, aapishwe. Mimi ni mtu mzima, mkristo, sidanganyi. Ndimi.

Imenipendeza. Hasa hapo kwenye aapishwe. Tarishi atapita Jumamosi kuichukua.

Ijumaa, 10 Juni

Siku mbaya.

Mkwe wangu Petro, baba wa mke wa Tomasi, kaja kutoka Kimuli na lori la kahawa. Nimefurahi. Nimempa kahawa ya kutafuna, buni kavu za kumkaribisha mgeni, tumekaa. Tukaongea habari za mjukuu, za mvua, za kahawa. Halafu akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza una nini.

"Mkwe," kasema, "mkungu wako ule ulitaka kutuua."

Nikasema mkungu gani.

"Ule mkubwa. Mke wangu Mama Josefina anamenya ndizi, anapiga kelele. Vioo! Ubavu mzima umepondeka na vioo vimejichoma ndani. Tukasema kumbe Kituntu siku hizi migomba inazaa chupa."

Akatoa mfukoni vipande viwili, amevifunga kwenye jani kavu la mgomba. Alivileta kunichekesha. Nyuma vina rangi ya fedha. Si chupa. Kioo cha kujitazamia.

Sikucheka. Petro akafikiri naumwa tumbo.

Alipokwenda kunawa nikamtazama Mama Tomasi. Naye kanitazama. Kasema polepole, "Baba Tomasi, nilisikia kitu kimelia ta! pale madukani. Nikakuambia. Ukasema ni jiwe."

Kweli aliniambia. Kweli nilisema jiwe.

Jumamosi, 11 Juni

Tarishi kaja. Barua ipo mezani, imekunjwa. Nimemwambia bado. Kasema, "Mzee, siku zinakwisha." Nimemwambia najua kuhesabu siku tangu kabla hujazaliwa. Kaondoka.

Nimewaza hivi. Gari halina alama. Ndizi zimeliwa. Vioo ninavyo mimi, naweza kuvitupa chooni. Nikipeleka barua yangu nani atanishinda? Na kila neno ndani yake ni kweli. Gari langu halikugonga. Nimeisoma tena. Kila neno kweli, mpaka pale niliposema yule mtu ni mwongo. Hapo nimekwama. Nimetaka kufuta mstari huo mmoja niache mingine. Nikiufuta iliyobaki inaonekana kama mtu aliyevuliwa nguo.

Mama Tomasi anasema niseme tu. Anasema Kimuli wote wamezila hizo ndizi, leo wanacheka, kesho watasikia habari ya barua, watajumlisha. Wakwe watasema baba yake Tomasi ni mwongo. Nimemwambia anyamaze. Hakunyamaza. Miaka thelathini na tano hajawahi kunyamaza nikimwambia.

Nimechana barua. Si kwa sababu ya maneno yake. Nimeamua mwenyewe.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Kesho naenda kwa gari langu, na koti, na vioo mfukoni. Sitamtuma mtu.

Jumatatu, 13 Juni

Naandika hii nimechoka.

Nimefika kituoni kabla hawajafungua. Niliyoyasema nimeyasema nimesimama, kiti nilikataa. Nimesema: gari langu halikugonga. Ndizi zangu ndizo ziligonga. Ndizi niliotesha mimi, nilikata mimi, nilifunga mimi nje ya mlango. Kwa hiyo ni mimi. Nikaweka vioo mezani.

Askari kijana akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, sasa tuzikamate ndizi?"

Nikamwambia umechelewa, wameshazila.

Mkubwa wao hakucheka. Kaandika muda mrefu. Akauliza kwa nini sikusimama. Nikasema nilidhani jiwe. Akauliza mke wako alidhani nini. Nikasema, yeye aliniambia, sikumsikiliza. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Ndizi zilikuwa rahisi.

Mwenye gari jeusi aliitwa. Jina lake Sospeter, mnunuzi wa kahawa, mtu wa Muleba. Nilitegemea mtu wa majivuno. Kumbe mtu mpole. Shati limeshonwa kwapani. Kaniamkia, shikamoo baba. Tukaacha Kiswahili, tukaongea kwa lugha zetu, kinyambo changu na kihaya chake ni ndugu. Kasema kioo si kitu, kioo kitanunuliwa. "Ila ungesimama tu, baba. Nilibaki barabarani nasema huyu mzee kaniona kama mbuzi."

Nikatoa kahawa ya kutafuna mfukoni, nikamnyoshea mkono. Angeweza kukataa. Alichukua mbili akatia mdomoni. Nitamnunulia kioo, na kikubwa kuliko cha kwanza.

Leseni wameichukua. Mpaka Septemba. Mzigo nje ya gari, na kutosimama. Mkubwa kasema nisingekuja mwenyewe nisingeiona tena. Nilitaka kubishana habari ya mzigo. Nikaacha.

Dereva wa Sospeter ndiye kaendesha gari langu mpaka nyumbani. Mimi nimekaa pembeni. Anabadili gia vibaya. Nimemwambia. Pale madukani Kituntu walisimama wote kutazama nani ameshika usukani. Nimenyosha shingo. Sikutazama chini hata kidogo.

Alhamisi, 16 Juni

Mwalimu kauliza imekuwaje. Nimemwambia yote. Dukani nimewaambia yote, mwenyewe, kabla hawajauliza. Wamecheka sana habari ya ndizi. Wacheke. Hakuna mwingine Karagwe aliyewahi kuotesha ndizi ya kuvunja gari. Chumvi yangu walikuwa wameiweka.

Jumapili, 19 Juni

Kanisani kwa miguu. Magoti yanauma.

Mchana nimetia maji kwenye rejeta ingawa gari halikwenda popote. Nimefuta vumbi. Halafu nimeingia nikakaa kwenye usukani. Sikuwasha.

Mama Tomasi alikuwa anachambua maharage uani. Kaniona. Nilidhani atacheka. Kanyanyua ungo wake, kaja, kaingia, kakaa kando yangu. Kaendelea kuchambua, mawe anayatupa nje dirishani, moja moja. Tumekaa hivyo mpaka maharage yamekwisha.