Sauti ya Besi Tuliyoitoa Chunguni

Alhamisi, mwishoni mwa Juni. Upepo wa kipupwe unavuma Sumbawanga tangu asubuhi na vidole vyangu vimekakamaa. Nawaomba radhi wanaosoma ukurasa huu kwa kukaa kimya wiki tatu. Nilikuwa nikigombana na gitaa.

Binti yangu Anastazia, mtumishi wa serikali huko Mbeya, ndiye aliyeniletea gitaa hilo la besi pamoja na amplifaya ndogo. Jumamosi tuna misa ya kutimiza mwaka tangu mama yake, mke wangu Veronika, alipotutoka. Baada ya misa nguo zake zitagawanywa kwa ndugu, na kabla ya chakula nitapiga.

Ahadi hiyo sikuitoa kwa watu. Nilimwahidi yeye. Katika ugonjwa wake wa mwisho aliniambia angependa kulisikia tena lile gitaa langu la chunguni, nami nikamjibu kwamba nitatafuta gitaa. Sikutafuta. Niliona haya, mzee wa umri wangu kuzunguka madukani nikiulizia magitaa. Akaondoka bila kulisikia.

Naandika hilo waziwazi kwa sababu linaniuma.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja upande wa Mollo. Noti nilikuwa nimefundishwa na mapadre, kwenye kinanda cha misheni. Kijiji kilikuwa na bendi, na magitaa yalikuwa mali ya wote, sawa na plau na maksai. Mimi nilipewa besi kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Jioni redio yangu ilikamata stesheni za ng'ambo ya mpaka, Zambia, zikipiga soul na baadaye funk za Wamarekani weusi. Sijui niseme nini juu ya muziki ule isipokuwa kwamba ulinikosesha utulivu. Tatizo ni kwamba redio ndogo haina besi. Nilimsikia mwimbaji, nikazisikia tarumbeta, lakini mpiga besi nilimhisi tu, kama mtu anayetembea chumba cha pili.

Nikabuni njia. Niliitumbukiza redio ndani ya chungu kikubwa cha pombe ya ulezi, kikiwa kitupu. Chungu kilikuwa cha mama mkwe. Mimi nisingethubutu kumwomba kitu ana kwa ana, hivyo Veronika alikiazima bila kueleza kazi yake. Siku moja mama mkwe akapita uani na kukuta chungu chake kinaimba. Alisimama. Kwa heshima ya ukwe hakunitazama, ingawa nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Akamgeukia bintiye.

“Vero, hebu mwulize mumeo, chungu changu kimeanza shule lini hata kijue Kiingereza?”

Veronika alicheka mpaka akakaa chini.

Mle chunguni besi ilitoka nene, fupi na kavu. Du, halafu kimya. Niliamini kwamba ndivyo walivyopiga wale mabwana wa kule, nami nikakusudia kuipata sauti ileile. Kumbe sehemu kubwa ya unene ule ilitokana na udongo wa Ufipa. Kwa miezi mingi nilikuwa najifunza kuiga chungu.

Hata hivyo kosa hilo lilinifikisha mahali pazuri. Nilikwanyua nyuzi kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Pigo la kwanza nililitua kwa uzito wangu wote, kisha nafasi zilizobaki nikazijaza kwa miguso isiyo na noti, mkono wa kushoto ukiugusa uzi bila kuukandamiza. Mwendo huo haukuwa mgeni kwangu. Ndivyo kina mama walivyopura ulezi, pigo moja zito likifuatwa na mengine mepesi. Funk zilipokuja nikajifunza kuugonga uzi kwa gumba na kuufyatua kwa kidole. Nyuzi zetu hazikubadilishwa hata mara moja, kwa kuwa nyingine hazikupatikana. Zilikuwa zimechoka na kupoteza ule mlio wa bati, jambo ambalo sasa najua ni neema.

Kilichonishinda ni kwamba noti zilivuma muda mrefu mno. Nilimlalamikia Veronika, kama nilivyomlalamikia kila kitu. Kesho yake akanipa kifuko kidogo cha kaniki, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, ndani yake kuna kitu laini cha sufu. Nilikichomeka chini ya nyuzi karibu na kidaraja, pale zinapofungwa mwilini mwa gitaa, nikapiga.

Chungu kikazungumza.

Sikuuliza ile sufu imetoka wapi. Nilidhani ni blanketi kuukuu la misheni.

Mwenyekiti wa kijiji aliniita baada ya onyesho la kwanza. “Mwalimu, mbona hilo gitaa linakohoa?” Nikamjibu kwamba ni mtindo. “Basi, Ndugu Mwalimu, likohoe kwa nidhamu.” Kwa hiyo chini ya nyimbo za kusifu shamba la pamoja niliendelea kupitisha soul yangu kwa siri, na mtu mmoja tu aliijua. Alisimama mbele, mikono ameikunja kifuani kama ilivyompasa mke wa mwalimu, akitikisa bega moja. Bega moja tu.

Bendi ilipovunjika gitaa lilirudishwa ofisini, na kifuko kile kikaenda nalo.

Ndiyo maana wiki hizi tatu nimehangaika. Nimechomeka sponji ya godoro, na sauti ikafa kabla ya kuzaliwa. Nimechomeka kitenge, ikakwaruza. Nyuzi mpya zilinilia kama bati, nikazipaka samli. Namwomba radhi Anastazia, ambaye amegundua leo alipolishika gitaa.

Leo mchana yeye na mimi tulifungua sanduku la Veronika ili kupanga nguo za kugawa. Chini kabisa lilikuwapo sweta la kijani la sufu nzito, alilolivaa katika baridi zote za miaka ile. Tulilitenga kwa ajili ya mdogo wake, shemeji yangu Skola, anayeishi Mwazye. Anastazia alilikunjua na kulinyoosha kitandani.

“Baba, mbona hili lina mkono mmoja mfupi?”

Mkono wa kushoto umepungua shubiri nzima. Pindo lake limeshonwa kwa uzi mwekundu.

Nikaupapasa uzi ule, na kile kifuko cha kaniki kikanirudia.

Siku zote Veronika alilikunja sweta lile mpaka kwenye viwiko, hata Julai, hata asubuhi ambazo umande uliganda juu ya majani. Nilidhani ndiyo desturi ya mtu mchapakazi. Niliwahi hata kumsifu kwa hilo mbele ya wageni. Mimi, niliyewafundisha watoto wa watu kutazama kwa makini!

Nilimpigia simu Skola, nikamweleza kwa kusitasita. Akashangaa.

“Shemeji, kumbe hukujua? Sisi sote tulijua. Mama alimgombeza dada wiki nzima, ‘Gitaa umelivika, wewe unatetemeka!’ Dada akatuziba midomo. Alisema ukijua utakikataa kile kifuko, na yeye anataka kucheza.”

Nikamwomba, kama angekuwa radhi, aniachie sweta hilo, ingawa kwa haki ni lake.

“Chukua, shemeji. Mimi nina mikono miwili, nitalivaaje?”

Alicheka kicheko cha dada yake. Nami nikacheka, kisha sikucheka.

Anastazia alikuwa amekwisha kuleta mkasi. Alisema tukate kipande cha kuchomeka gitaani kutoka mkono wa kulia, angalau mikono yote ilingane. Nilikataa. Sweta hili lilikwisha kukatwa mara moja kwa ajili yangu, na sikuuliza. Yatosha.

Badala yake niliuchukua ule mkono mfupi kama ulivyo, nikaupenyeza chini ya nyuzi karibu na kidaraja na kuukunja kidogo. Sweta lililobaki likaninginia mapajani mwangu. Nilitua pigo la kwanza kwa kidole kimoja.

Du. Halafu kimya.

Nilipiga mstari wote wa besi, na miguso yake, polepole kwa sababu ya vidole hivi. Nilipoinua macho, Anastazia alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani. Bega lake moja lilikuwa likitikisika, na sidhani kama alijua.

Veronika, kwa gitaa nililochelewa kulitafuta, na kwa baridi yote ile ya mkono wako wa kushoto, nakuomba radhi.

Jumamosi nitakaa mbele ya jamaa na majirani, sweta la mwanamke likininginia kwenye gitaa. Wapo watakaocheka. Kwao sitaomba radhi.