Dole la Kuvunja Nyumba ya Chokaa

Baba Salim wangu,

Mwaka wa sita huu umelala kaburini kwetu Wete, Pemba, na leo nimekukasirikia. Ananiandikia Rukia, mjukuu wetu, maana mimi na kalamu, unajua, hatukuwahi kujuana. Nimemwambia asinipambie maneno.

Rukia anasomea kuchora nyumba hapa Birmingham. Chuo kiliwapeleka kisiwa kimoja cha Ugiriki, karudi na mchoro: kuta nene za mawe na chokaa, madirisha madogo, birika la kuwekea maji ya mvua, limechimbwa chini ya ua. Nyumba inajipoza yenyewe, haitaki mashine. Baba yake, Salim wetu, kaubandika ukutani, kila mgeni anaoneshwa. Nikamwambia Rukia, "Mbona hii nyumba yangu?" Akacheka. "Bibi, hii ya Wagiriki."

Wagiriki hawakuwapo siku ile nilipokuwa juu ya dari ya nyumba yetu, siku ya tatu tunapiga chokaa kwa vibao ishikane, nyimbo zimetukauka kooni, nawe fundi uko chini unafoka, "Huyo mfupi asipumzike, ndiye mwenye mkono." Mfupi huyo ukamuoa.

Sasa sikia. Salim huyohuyo kaniletea karatasi nitie dole, nyumba ya Wete ivunjwe, ajenge ya matofali ya saruji na mashine za baridi. "Ya kizamani, mama, kuta zinamwaga unga." Zinamwaga unga kwa sababu tangu ufe hakuna aliyezipaka chokaa. Hapa mtaani kwetu Handsworth nako ukuta wa sebule kaupiga saruji, sasa unatoka jasho, makoti yanaota ukungu. Nilimwambia nyumba hizi za zamani nazo zimejengwa kwa chokaa, zinataka kupumua. "Mama, hapa si Pemba." Mchoro anaubandika, nyumba yenyewe anaivunja.

Dole sikutia. Karatasi nimefungia bizari.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwako. Rukia kasimamisha kalamu sasa hivi, ananiuliza, "Bibi, babu alikuwa akiiloweka chokaa shimoni siku ngapi?" Sijui. Nilikuuliza mara ngapi, ukanijibu, "Kazi yako kupiga." Ukaenda na hesabu hiyo kaburini.

Nimemwambia aandike hivyohivyo: hatujui. Akimaliza alete mwiko mkubwa wa jikoni, nimuoneshe mkono ulivyokuwa unapiga, maana hicho ndicho ulichoniachia.

Pumzika, mkaidi wangu. Nyumba ingali imesimama.

Mkeo yule mfupi,
Mama Salim