Sindano Kwenye Ishirini na Moja

Jumatatu, 8 Julai 1957
Baridi ya Njombe haina huruma. Ukungu mpaka saa nne. Mtoto wa Fidelia wa Kifanya, aliyezaliwa wa miezi saba, bado yumo kwenye sanduku la kioo. Kazi yangu hapa hospitali ni moja tu — kipimo cha oksijeni. Fundi Tarsis alipokileta kutoka Makambako alisema huku juu hewa ni nyepesi zaidi, kwa hiyo kila asubuhi nikiweke kwenye hewa ya kawaida, nizungushe skrubu mpaka sindano isimame 21, yaani asilimia ya oksijeni iliyomo. Ndipo nipime sandukuni. Daktari anataka 35. Ikizidi sana, macho ya mtoto yataharibika.
Nilijifungia ofisini, mlango na dirisha, nikawasha jiko la mkaa ili vidole visitetemeke. 21 barabara!

Jumatano, 10 Julai
Midomo ya mtoto imeingia ubluu. Bi. Zipora, nesi mkuu, alinigeukia mbele ya manesi wote: "Ema, darasa la nane lote hilo, sindano moja inakushinda?" Wakacheka. Kwa nini sijui kujibu watu? Sindano inasema 35!

Alhamisi, 11 Julai
Nimepima mara tatu. 35. 35. 35. Kichwa kinaniuma kila nikitoka ofisini.
Fidelia aliniita, akanisalimu kwa Kibena huku akionyesha kipimo. "Kamwene, mdogo wangu. Hiyo saa yako inasemaje?"
Nikamwambia inasema vizuri. Akamtazama mtoto, kisha mimi.

Ijumaa, 12 Julai
Kichwa kilizidi. Nikatoka uani na kipimo mkononi, nivute hewa. Sindano ikapanda — 23! Uani, penye ukungu mtupu! Hewa ya Mungu haizidi 21.
Jiko. Jiko langu mwenyewe, na dirisha nimefunga. Mkaa ulikuwa unakula oksijeni ya ofisini, na hewa iliyobaki mimi naiita ya kawaida. Mjinga mimi!
Nikaiweka 21 pale pale uani, nikarudi sandukuni. 32. Siku zote hizi nimeandika 35.
Mtungi wa oksijeni siruhusiwi kuugusa. Nikamkimbilia Bi. Zipora. Hata sijamaliza: "Usinichoshe na sindano yako, binti." Akaingia kwa Daktari. Wanazungumza jinsi ya kumwambia Fidelia ajiandae, mtoto hana nguvu.
Niko kwenye benchi nje ya mlango wao, kipimo mapajani. Nimegonga mara moja. Taratibu mno, hawakusikia.
Nasimama. Safari hii nagonga kwa ngumi —