Matawi ya Kwenye Kona

Chanzuru, Kilosa
12 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Ashrafu,

Shikamoo. Huku sote wazima, na ninaposema sote namaanisha sote. Mguu wako unaendeleaje? Watoto hawajambo?

Najua umesikia kwamba Mudi wetu kafa na lori la magogo. Uongo mtupu! Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimempa jirani yetu Yeremia barua hii, anakuja Liwale kesho.

Kaka yangu yuko hapa nyumbani. Amevimba bega tu, anadai chai kila saa utafikiri mzazi aliyejifungua jana. Mjomba, nimelia mpaka nikachoka, sasa nacheka ovyo.

Ilikuwa hivi. Lori la mwenzake Casmir liliharibika kwenye kona kali, ile barabara ya kutoka msitu wa mitiki. Casmir akakata matawi, akayapanga barabarani kabla ya kona, kama wafanyavyo madereva wote, ili anayeshuka ajue mbele kuna gari bovu. Spea zikachelewa, lori likalala pale mpaka majani yakakauka.

Mudi akashuka na mzigo umejaa. Tawi hata moja hakuliona. Kukata kona, lori la Casmir hilo hapo! Lori zito halisimami ghafla kwenye mteremko, na kushoto ni korongo. Akalibamiza lake upande wa mlima, likajikwangua mpaka likasimama. Minyororo ikayashika magogo. Alhamdulillahi!

Tukamlaani aliyeondoa matawi. Aliyelaani kuliko wote ni Mama, huku akikoroga uji wa mgonjwa. Moshi ulikuwa mwingi, nikamuuliza kuni kazitoa wapi.

"Pale konani, nikitoka shamba. Zilikuwa zimelala bure..." Akachomoa tawi moja motoni, akalitazama. Alipita njia ya mkato, lori lenyewe hakuliona.

Dada yako hakula siku hiyo, Mjomba. Mudi ndiye aliyembembeleza: "Mama, mimi si nipo? Niongezee uji."

Lori la Casmir limeshaondolewa. Lakini Mama kila akienda shamba anakata matawi mabichi, anayapanga pale pale. Madereva wanajua hakuna gari bovu. Wanapunguza mwendo hivyo hivyo, wanampigia honi.

Wasalimie watoto, Magdalena na Doto. Mwenyezi Mungu akulindie mguu huo, utembee uje utuone.

Mama anakusalimu sana. Ameniomba nisikuandikie habari za kuni. Nimemwambia sijaandika.

Mpwa wako asiyekusahau,
Mwanakheri