Nyuzi Usizozisikia

Buguruni, Dar es Salaam

Mdogo wangu Osmund,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimeamua kuichukua shikamoo yangu mapema, maana simu yako haipatikani tangu Jumapili na sijui nitaipata lini. Habari za Matiri? Mama anaendeleaje na miguu yake? Na baridi ya huko imeshapungua, au bado mnaota moto mpaka jua liwe juu? Kahawa mmemaliza kuchuma? Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo haijatulia, na sababu yake ni wewe.

Barua hii ataileta Mama Salma, yule wa duka la vitenge pale stendi ya Mbinga, ambaye amekuja Kariakoo kuchukua mzigo na anarudi kesho. Nimemwomba asimpe mtu mwingine yeyote, hata Mama. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako ni ya ukoo mzima: nikituma ujumbe wa sauti unafunguliwa uani na kuku wanasikiliza. Haya ninayotaka kukuambia ni ya kwako kwanza. Nakuomba uyasome yote kabla hujashuka ziwani. Ukishashuka, naogopa hakuna atakayekurudisha.

Nianze na gitaa, maana nakujua, macho yako tayari yanalitafuta humu. Lipo, na ni zuri kuliko nilivyotegemea. Unakumbuka ulivyonipigia kabla ya msimu wa kahawa ukaniambia, "Dada, hili gitaa la besi la parokia silisikii tena. Nyuzi sizisikii kabisa." Nikakuuliza kama ni spika, ukasema labda. Mwalimu Gaudensi naye akasimama mbele ya wanakwaya wake akatangaza kwamba besi imekufa. Wakachanga, na kazi ya kuchagua jipya nikapewa mimi, fundi cherehani, ambaye uzi ninaoujua ni wa kushonea sare za shule. Nilicheka sana. Kwaya nzima inamtegemea mtu asiyejua hata gitaa linashikwa upande gani!

Nilizunguka Kariakoo mpaka visigino vikaota sugu. Kila duka wananiletea jekundu linalong'aa. "Chukua hili mama, hili linawaka." Nikawaambia silipeleki harusini. Lile la nyuzi tano nililikataa kwa sababu ulisema nne zinakutosha, na jingine lilikuwa zito mpaka nikauhurumia mgongo wako. Mwisho nikaelekezwa kwa Fundi Mwarami, mzee aliyepiga dansi ujanani, ambaye sasa anatengeneza magitaa barazani kwake huku huku Buguruni. Alikuwa nalo moja lililotumika, la rangi ya kahawia, mbao tupu bila madoido. Alipolichomeka kwenye spika na kugusa uzi mnene, nilisikia kifuani kabla ya masikioni. Nikasema hili ndilo.

"Ila mdogo wangu analalamika hasikii nyuzi," nikamwambia.

"Basi tumpe pikapu yenye nguvu," akasema, akanionyesha zile sumaku zinazokaa chini ya nyuzi na kupeleka mtikisiko wake kwenye spika. Akang'oa za zamani, akaweka mpya. Alipojaribu, vikombe vya jirani viligongana kabatini na jirani mwenyewe akatoka kufoka. Nilifurahi mno. Nikakutumia sauti, nikakuambia sasa utasikia mpaka uombe lipunguzwe.

Hukucheka. Ulijibu tu, "Ashushe nyuzi kwanza."

Akazishusha, zikakaribia shingo mpaka hazihitaji kukandamizwa kwa nguvu. Halafu ukataka shingo yenyewe ipunguzwe unene, kwa sababu mkono hauizunguki vizuri. Akaikwangua, akaipiga msasa, akaipaka mafuta. Niliona unadeka tu, kama ulivyokuwa ukidai ukoko wote wa ugali uwe wako. Kisha likaja lile ombi la mwisho. Ubavuni mwa shingo, upande unaomtazama mpigaji, kulikuwa na vialama vidogo vilivyofifia. Ukasema havikufai, fundi atoboe upya, aweke vidoa vyeupe ili uone kidole kiende wapi. "Vikubwa, dada," ulisema. "Vionekane hata kanisani umeme ukikatika."

Fundi Mwarami alikuwa ameshatoboa matundu yote alipoweka keekee chini na kunitazama.

"Huyu mdogo wako ndiyo kwanza anajifunza?"

Nilikasirika. "Anapiga tangu kipaimara! Anapiga amefumba macho mpaka padre alimtania kwamba anasinzia kwenye misa."

"Sasa aliyefumba macho, vidoa vya nini?" akasema. "Besi hatuitazami, mama. Vidole ndivyo vinavyosikia."

Hakuwa na nia yoyote. Aliendelea kupuliza vumbi la mbao. Mimi nikarudi kazini, nikakaa kwenye mashine yangu. Osmund, unajua ninavyoshona: uzi unapita kati ya vidole vyangu, na ukiwa na fundo nalisikia kabla halijafika kwenye sindano, bila kutazama. Nilikuwa nimeanza sketi ya pili fundo likapita. Nikalisikia. Mguu ukaganda kwenye pedali, na msimamizi akaniuliza kama ninaumwa.

Hukusema kwamba gitaa halitoi sauti. Ulisema nyuzi huzisikii. Ulikuwa unazungumza habari ya vidole vyako, na sisi wote, kwaya nzima pamoja na mimi dada yako mwenye maneno mengi, tukakimbilia masikio. Tukakununulia kelele.

Nikaifungua tena ile video aliyonitumia binti yako Teopista, unapoipua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu na watoto wanapiga kelele, "Baba mkono wa chuma!" Mara ya kwanza nilicheka, nikawaonyesha wenzangu kazini. Safari hii niliona unavyoishikilia sufuria ukisubiri binti yako apige picha vizuri, wala uso wako haubadiliki. Niliona kidole chako cha mwisho cha mkono wa kushoto kimejikunja peke yake na hakinyooki. Niliona na lile baka lililopauka juu ya kiwiko, ambalo Krismasi uliniambia ni choa.

Ndipo nikampigia Mama. Nikamuuliza Osmund yuko wapi, mbona simu yake imezimwa.

"Yupo," akasema. "Anafunga vitu vyake. Anashuka ziwani."

Watu wote wa huko kwetu wanashuka ziwani. Wanashuka kununua dagaa wa usipa, wanashuka kwenye misiba, wanapanda tena na ndoo zao kichwani. Lakini nyumbani kwetu neno hilo halitumiki. Sisi tunasema "kwenda kwa samaki", na wewe unajua kwa nini. Ni tangu Bibi Anastazia, mdogo wake bibi yetu, yule aliyekuwa akitutolea mahindi kwenye makaa kwa vidole vyake, na sisi tukidhani ni mchezo wa kutufurahisha. Siku moja hakuwepo. Tulipouliza, tuliambiwa ameshuka ziwani. Sahani yake ya bati ikabaki juu ya dari la jikoni na hakuna aliyeigusa.

Wewe ulikuwa mdogo, mimi nakumbuka zaidi. Mama alinichukua mara moja tu mpaka huko ziwani, nyuma ya kijiji cha Ngumbo. Tulisimama mbali na kibanda. Akaweka unga na chumvi juu ya jiwe, akaita, akanivuta tuondoke kabla mwenyewe hajatoka. Niligeuka. Bibi alikuwa amesimama mlangoni akitupungia mkono uliofungwa kitambaa, na Mama akanipiga kofi la kisogoni ili nitazame mbele. Matiri hakurudi tena. Hata kaburi lake liko huko, na sijui kama kuna anayelipalilia.

Kwa hiyo niliposikia neno lile kwenye simu, nilikaa chini. "Anashuka kwa nani, Mama?"

"Amepata pa kukaa Ngumbo. Mbali kidogo na watu." Akaongeza, "Usiulize sana, mwanangu. Ni yeye mwenyewe aliyetaka."

Simu ikachukuliwa na mkeo. Wifi Editha hajawahi kuninong'oneza hata siku moja, sauti yake unaijua, ikiita shambani inafika mpaka bondeni. Siku hiyo alinong'ona. "Wifi, humu ndani sasa kila mtu ana sahani yake." Halafu ikakatika, na nilipopiga tena hakuna aliyepokea.

Naogopa, Osmund, nakuambia wazi. Kinachonitisha ni namna mambo yanavyokwenda kimya kimya, kwa adabu kabisa, bila mtu kumfukuza mtu. Sahani inatengwa. Begi linafungwa. Watu wanashukuru kwamba umejiondoa mwenyewe bila kuwasumbua. Na siku moja Teopista atauliza baba yuko wapi, na atajibiwa lile neno tulilojibiwa sisi.

Ugonjwa wenyewe nitauandika jina, maana sitaki na mimi kunong'ona: ukoma. Mimi si daktari, na natamani niwe nimekosea. Inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa mishipa, inaweza kuwa kitu ambacho sijawahi kukisikia. Lakini hapa kazini tuko na Mama Rehema, anayeshona vifungo. Yeye aliupata. Alikwenda hospitali, akapewa vidonge akawa anameza nyumbani kwake, bure, na akapona. Tunakula naye sinia moja kila mchana na anatuzidi kwa spidi. Nilipomweleza habari zako, aliweka sindano chini akaniinulia kidole kimoja kilichopinda. "Hiki nilichelewa nacho," akasema. "Hivi vingine niliviwahi." Anasema alielezwa hospitalini kwamba ukishaanza dawa huambukizi watu, ila ganzi ikikaa sana huenda isitoke tena.

Bibi Anastazia hakuna aliyemfikisha kwenye vidonge. Wewe viko Mbinga mjini, mwendo wa asubuhi. Ningekuja nikushike mkono nikupeleke mwenyewe, lakini huu ndio msimu wa sare, na tajiri ametuambia atakayeondoka asirudi. Nimelia juu ya jambo hilo, kisha nikaona heri niandike.

Sasa sikiliza kuhusu gitaa. Mwalimu Gaudensi analitaka lifike kabla ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Mwambie liko kwangu, nimelifunga kwenye shuka, na halitoki. Akasirike na mimi, siyo na wewe. Fundi alitaka kuyajaza yale matundu rangi nyeupe siku ile ile, nikarudi kwake baada ya kazi nikamzuia. Yako wazi ubavuni mwa shingo. Nikiyajaza leo nitakuwa nakusaidia kuficha: utapiga kwa macho, watu watalisifu gitaa jipya, na mkono utaendelea kufa huku wakikupigia makofi. Daktari akiutazama mkono wako akasema tumechelewa, basi nitakwenda kuyajaza, meupe na makubwa kadiri unavyotaka, na atakayekucheka mbele yangu atanijua mimi ni nani. Lakini aseme daktari. Asiseme Mama, na usiseme wewe.

Mpe Mama shikamoo yangu. Mwambie sijamkasirikia, najua na yeye alifundishwa hivyo, lakini ile sahani yako airudishe na za wengine. Msalimie binti yako Teopista, mwambie shangazi anamshonea sketi ya shule yenye marinda, na ile video asimtumie mtu mwingine. Msalimie mwalimu wa kwaya, na jirani yetu mwenye mashine ya kumenya kahawa, ambaye alikuwa akikuazima spika. Wifi Editha sijamsalimia kwa sababu yeye nina kazi naye.

Ndani ya bahasha nimekuwekea uzi. Si wa gitaa, ni wa kwangu, mweusi, wa kushonea sare. Mwite Editha. Akuoshe mkono wa kushoto kwa mikono yake mitupu, mbele ya Mama, aukaushe, aulaze kwenye magoti yake. Wewe fumba macho kama ulivyokuwa ukifumba kanisani. Yeye aupitishe uzi taratibu juu ya kidole chako cha mwisho, kisha juu ya lile baka, bila kukuambia kwamba ameanza. Ukiusikia, washa simu unitukane kwa kukutia hofu bure. Nitayapokea matusi yote, na gitaa litapanda basi linalofuata.

Ila ukijikuta umekaa hapo, umefumba macho, unamuuliza mkeo mbona haanzi, usimuulize mara ya pili. Fumbua macho, chukua koti, ukasubiri gari la Mbinga.

Ni mimi dada yako,
Konsolata